Ukuta mnene hauwakingi majirani wa ghala la mabomu

Kila ghala la silaha linapolipuka mahali Afrika, hapa Lubumbashi nasikia maneno yaleyale: wangejenga kwa simiti nzito, watu wasingekufa. Naelewa kwa nini tunasema hivyo, ila ni imani ya hatari.

Miaka ya 1970 Wamarekani walifanya majaribio makubwa China Lake, jangwani California. Waliyaita ESKIMO. Walitumia maghala ya kweli, yale ya tao yaliyofunikwa udongo, wakalipua shehena kubwa ya baruti karibu nayo, kisha wakaenda kukagua. Mlango umesukumwa ndani? Ukuta wa mbele umepasuka? Walichotafuta ni kimoja: ghala moja likilipuka, la pili lisifuate. Basi ghala lililofaulu linayakinga mabomu yake na mlipuko wa jirani. Likilipuka lenyewe, simiti hiyohiyo inageuka mawe yanayoruka. Anayelala ng'ambo ya ukuta anaokolewa na umbali.

Na umbali una hesabu. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa, IATG, unachukua kilo za baruti, unatafuta kipeuo chake cha tatu, unazidisha kwa 22.2, na jibu ni mita za kuwa kati ya ghala na nyumba za watu. Kipeuo cha tatu cha 1,000 ni 10, kwa hiyo kilo 1,000 zinadai mita 222. Kilo 8,000 zinadai mita 444. Vipande vya chuma vinaweza kudai zaidi.

Tazama Mpila, Brazzaville. Jumapili asubuhi, tarehe 4 Machi 2012, ghala la jeshi lililipuka katikati ya makazi. Zaidi ya watu 200 walikufa, kanisa la Saint-Louis likawaangukia waumini, na vioo vikavunjika hadi Kinshasa, ng'ambo ya mto. Dar es Salaam ilipata onyo ghala la jeshi la Mbagala lilipolipuka, Aprili 2009. Februari 2011 ikaja zamu ya Gongo la Mboto. Inaniuma sana hiyo ya pili, maana ya kwanza ilikuwa imeshasema kila kitu.

Hata hapa nchini, Kongo-Kinshasa, tumeyaona: Mbuji-Mayi, Januari 2014, radi ilipiga ghala la jeshi na watu wapatao 20 wakafa.

Radi tunaijua. Lubumbashi, mvua ikianza Novemba, hakuna wiki inayopita bila ngurumo. Kinga ya radi inaweza kusimama juu ya paa ikionekana nzima, kumbe waya wake umeliwa na kutu chini ya udongo. Kwa macho huoni kitu. Fundi mwenye kifaa cha kupima omu, yaani ukinzani wa umeme, anagundua kwa asubuhi moja tu, na kazi hiyo haina kisingizio cha bajeti.

Kambi za jeshi kama Vangu, hapa Lubumbashi, leo ziko ndani ya mji, na mji haukomi kukua. Siombi siri za jeshi; idadi ya masanduku wabaki nayo. Naomba mita. Kamanda apige hesabu ya kilo zake, ofisi ya kadastre, inayopima viwanja, ipewe duara la mita hizo kuzunguka ghala, na kiwanja kilicho ndani yake kisipate hati. Pale ambapo watu wameshajenga, baruti ndiyo ihame, kwa sababu masanduku yanapakiwa kwenye lori na kartie nzima, yaani mtaa, haipakiki. Wabunge wetu wa jimbo waiulize serikali swali hilo la mita kabla ya Novemba.