Keji ya chuma katika gari la barabarani: inamlinda nani, na lini?

Katika foleni ya jioni ya Jinja Road jijini Kampala si ajabu kuona Subaru Impreza ya miaka ya 1990, au Mitsubishi Lancer Evolution, ambayo ndani yake yamepita mabomba ya chuma nyuma ya kichwa cha dereva na kandokando ya kioo cha mbele. Hiyo ndiyo keji, fremu inayokusudiwa kuzuia paa lisimbonyee aliye ndani gari likipinduka. Baadhi ya magari hayo hushindana kweli mwishoni mwa wiki. Mengine hayajawahi kufika kwenye uwanja wa mbio wa Busiika wala kusimama mbele ya mkaguzi yeyote wa mashindano. Wamiliki wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba chuma kikizidi na usalama huzidi, na kwamba fremu inayomwokoa dereva wa rali kwenye murram, yaani barabara ya udongo, itamwokoa pia mtu anayekwenda Masaka usiku. Wako wanaosema kwamba keji ni kifaa cha mashindano, na kwamba nje ya mashindano hugeuka kuwa hatari. Kwa maoni yangu hao wa pili wana hoja nzito zaidi, ila si kwa kila gari, na mara nyingi hoja wanazozitanguliza si zile zenye uzito.

Watetezi wa keji wasipuuzwe, kwa maana wanaanzia kwenye jambo la kweli. Gari la saluni, lililo chini na lenye magurudumu yaliyotanuka, halipinduki kirahisi juu ya lami tambarare. Wahandisi huchukua nusu ya upana ulio kati ya magurudumu na kuigawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Saluni nyingi hupata kati ya 1.3 na 1.5, ilhali magari marefu ya aina ya SUV hupata chini ya hapo. Maana yake ni kwamba saluni ikizidiwa kwenye kona, matairi yake huteleza kabla ya kuinuka. Kinachoipindua ni kujikwaa. Kwa hesabu za NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, karibu asilimia 95 ya magari yanayopinduka bila kugongana na jingine huwa yamekwaa kitu: ukingo, udongo laini, mtaro. Sasa tazama barabara zetu, mahali ambapo lami imeliwa pembeni ikaacha ngazi, na hatua chache kutoka hapo pana mtaro wazi wa zege au wa udongo ulioachwa na mvua. Gari linaloteleza kwa ubavu hadi hapo lina kila sababu ya kupinduka, hata kama kwa hesabu ya maabara ni gari tulivu.

Tena magari yenyewe ni ya zamani. Marekani iliweka mwaka 1973 kanuni ya kulitaka paa la gari dogo lihimili nguvu ya mara 1.5 ya uzito wa gari, na kanuni hiyo ikadumu hadi mwaka 2009, ilipoamuliwa kipimo kipande hadi mara 3 kwa magari yasiyozidi kilo 2,722. Mwaka huohuo wa 2009 taasisi ya IIHS, inayofadhiliwa na kampuni za bima huko, ilianza kudai mara 4 kabla ya kulipatia gari alama ya juu kabisa. Impreza iliyouzwa Japani mwaka 1998 haikufungwa na kanuni hizo za Marekani, lakini tofauti ya vipimo inaonyesha jinsi fikra kuhusu paa zilivyobadilika baada ya gari hilo kuundwa. Uganda ilizuia mwaka 2018 kuingizwa nchini magari yaliyozidi umri wa miaka 15, lakini yaliyokwisha kuingia yanaendelea kutembea, na mengine yana kutu kwenye sakafu na kioo cha mbele kilichobadilishwa na kubandikwa kwa gundi ya kubahatisha, wakati kioo hicho ni sehemu ya nguvu ya paa. Kwa gari la namna hiyo, kudai kwamba lilivyotoka kiwandani latosha ni kujidanganya.

Hata hivyo, kuna kichwa cha dereva. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kwa magari ya mashindano, katika kifungu cha 253 cha nyongeza yake ya J, zinataka bomba lifunikwe mahali ambapo mwili unaweza kuligusa, na pale ambapo helmeti inaweza kuligusa, sponji iwe ya kiwango cha FIA 8857-2001. Msomaji aangalie kwamba kinachotajwa hapo ni helmeti. Keji ilibuniwa kwa ajili ya kichwa kilichofunikwa kwa ganda gumu, cha mtu aliyefungwa mikanda ya pointi sita kwenye kiti kisichokunjika. Mtu anayekwenda kazini hana hata kimoja katika hivyo vitatu. Mkanda wa kawaida wa pointi tatu huzuia kifua na nyonga, lakini gari likigongwa ubavuni au likianza kupinduka, kichwa hutupwa nje na juu kuelekea dirishani, na hapohapo ndipo lilipopita bomba. Kaa ndani ya Impreza ya zamani iliyofungwa keji nzima, kisha pima kwa kiganja nafasi iliyopo kati ya panda la uso wako na chuma: mara nyingi utapata upana wa mkono, au pungufu.

Wengi hujibu kwamba wamefunga sponji. Lakini ile nyeusi inayofungwa mara nyingi ni ya kufunikia paipu za viyoyozi. Ibonye kwa vidole viwili nawe utalifikia bomba. Sponji ya mashindano ni ngumu kiasi kwamba kidole hakiingii, nayo imekusudiwa helmeti, si fuvu tupu. Kwa hiyo ile laini haizuii kitu, na ile ngumu ni afadhali kidogo tu kwa asiyevaa kofia. Ajali inayoua kwa namna hii si lazima iwe kubwa. Kugongwa ubavuni kwenye makutano, kwa mwendo ambao gari lisilo na keji lingemwachia dereva maumivu ya shingo, kunaweza kumpasua kichwa huyu mwingine.

Basi avae helmeti na mikanda ya pointi sita kila siku? Jawabu hilo linakamilisha mfumo kwenye karatasi na kuuvunja barabarani. Aliyefungwa mabega yote mawili kwenye kiti cha mbio hawezi kuinama mbele kutazama boda boda zinazochomoza kushoto na kulia kwenye makutano, na helmeti humpunguzia upeo wa macho na wa masikio. Zaidi ya hayo, mikanda ya mashindano hutolewa na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoshonwa juu yake, na mingi inayouzwa mitumba imeshaipita. Kuna pia kosa ambalo nadhani ni baya kuliko yote: kufunga mikanda hiyo bila keji. Ikiwa mwili umeshikiliwa wima na paa linashuka, shingo haina pa kukimbilia.

Hapa ndipo umri wa gari unapobadilisha hukumu. Katika magari mapya zaidi, mifuko ya hewa ya pazia hushuka kutoka pembeni mwa paa gari likigongwa ubavuni, na mengi hufunguka pia gari linapopinduka. Bomba linalopita hapo huiziba njia. Mwenye gari la namna hiyo anayefunga keji nzima anatoa kinga iliyopimwa na kuweka isiyopimwa. Impreza ya mwaka 1998 haina mifuko hiyo, wala haina mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti wa gari, ambao kwa yaliyo nao ndio unaozuia mengi yasifike mtaroni. Yenyewe haipotezi mifuko, maana haikuwa nayo. Hoja ya mifuko ya hewa, ambayo wapinzani huirudia sana, kwa magari haya ya zamani haina nguvu. Hoja ya kichwa inabaki palepale.

Kisha kuna chuma chenyewe. FIA inataka upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya viti, uwe wa bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa ukuta wa 2.5, au 50 kwa 2.0, la chuma chenye nguvu ya mvutano isiyopungua niutoni 350 kwa milimita ya mraba. Bomba jepesi la kutengenezea samani au uzio, tuseme la milimita 38 lenye ukuta wa 1.5, hata lingekuwa la chuma kilekile, lina chini ya nusu ya uwezo wa kuhimili kupindwa. Hesabu ya jiometri inatosha kuonyesha hilo. Bomba la maji lililopakwa zinki lina tabu yake: zinki huchafua weldi na kuiachia vitundu, na moshi wake humdhuru fundi. Kukunja nako kuna sharti: likunjwe baridi, na nusu kipenyo cha kona isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Bomba lililojazwa mchanga na kuchomwa moto hadi likubali kupinda hupendeza kwa macho, ila halikidhi sharti hilo.

Wala sisemi haya kuwadharau mafundi wa Katwe, ambao huunda mashine za kusaga na kukoboa zinazofanya kazi nchi nzima. Wanatengeneza wanachoagizwa, na mteja anayeagiza keji ya mwonekano hupata keji ya mwonekano. Kipimo chepesi zaidi kiko miguuni mwa keji. Kila mguu unapaswa kukaa juu ya bamba la kuimarisha lenye unene wa milimita 3 au zaidi, na bamba la upinde mkuu liwe na eneo la sentimita za mraba 120. Bomba lililochomelewa moja kwa moja kwenye sakafu nyembamba yenye kutu litaitoboa sakafu hiyo gari likitua kwa paa, na upinde wote utashuka pamoja na paa uliokusudiwa kulizuia.

Hata kazi bora ina mpaka. Tarehe 3 Julai 2022 huko Silverstone, gari la Formula 1 la Zhou Guanyu lilipinduka mwanzoni mwa mbio, upinde wake wa juu ukavunjika lilipogusa lami, na kilichomwokoa dereva ni halo, ule mhimili uliowekwa mbele ya uso mwaka 2018. FIA ilibadilisha kanuni kwa msimu wa 2023, ikataka sehemu ya juu ya upinde iwe ya mviringo ili isichimbe ardhi, na vipimo vya nguvu vikaongezwa. Ikiwa hayo hutokea juu ya lami safi, kwa chombo kilichopimwa kabla, mwenye keji ya kubuni asijipe uhakika mwingi kwenye udongo wa ukingo wa barabara.

Wanaotengeneza magari ya kasi kwa ajili ya barabara waliliona tatizo hili mapema. Mercedes-Benz SL ya mwaka 1989 ilikuja na rolibaa, yaani upinde wa kinga, iliyolala nyuma ya viti na kuinuka yenyewe ndani ya sekunde 0.3 gari linapoelekea kupinduka. Porsche 911 GT3 yenye vifaa vya Clubsport huja na keji ya chuma nyuma ya viti vya mbele, na haina viti vya nyuma. Katika yote mawili, hakuna chuma kinachopita kando ya panda la uso la dereva. Huo ndio mpaka ninaoukubali: nusu ya nyuma yenye bomba sahihi na mabamba sahihi, kwa gari la watu wawili. Viti vya nyuma viondolewe kabisa. Impreza yenye upinde nyuma ya dereva na vijana watatu walioketi nyuma yake wakielekea Jinja Ijumaa usiku imehamisha hatari kutoka kwa mwenye gari hadi kwa wageni wake.

Kuna swali la uokoaji pia, ambalo huku kwetu lina uzito wake. Anayefika kwanza kwenye ajali ni dereva wa boda boda au mchuuzi wa kando ya barabara, si zimamoto. Mabomba yaliyopita mlangoni huwazuia kumvuta mtu, na kifungo cha mikanda ya pointi sita huzungushwa, hakibonyezwi, jambo ambalo asiyeijua mikanda hiyo hatalikisia akiwa katika moshi. Keji haizuii moto. Mei 2025 Nissan GT-R iligonga vizuizi vya zege vya ujenzi pale Busabala na kuteketea, na dereva wake, mtu wa rali mwenye jina, akafariki. Katika ajali ya aina hiyo nguvu ya paa si swali la kwanza.

Hoja ya upande wa pili ambayo sina jibu lake kamili ni ya fedha. Mshindani wa kipato cha kati ana gari moja. Analiendesha hadi kwenye mashindano, anashindana, kisha analiendesha kurudi nyumbani kama bado linatembea. Kumwambia anunue la pili, au trela na gari la kulivuta, ni kumwambia aache mchezo. Kwake keji nzima ni sharti la kushiriki, na naona ni haki aendeshe nayo kwenda na kurudi, akiwa na mtu mmoja ubavuni, wote wakiwa kwenye viti vya mbio. Ninayempinga ni yule asiyeshindana kamwe, anayefunga keji ileile kwa gari la kupelekea watoto shule.

Tofauti kati ya hao wawili ni mkaguzi. Gari la mshindani hukaguliwa chini ya kanuni za FMU, shirikisho la vilabu vya michezo ya magari nchini, kabla ya kuruhusiwa kuanza. Keji ya gari lisiloshindana haipitii mikononi mwake. Vilabu vingeweza kufungua siku ya ukaguzi kwa magari ya barabarani kwa ada ndogo, kipimo cha unene wa bomba kikiwa mezani na taa ikimulika miguu ya keji. Ugumu ni kwamba atakayeweka sahihi atakuwa amebeba dhamana, kwa hiyo hati ingepaswa kueleza tu kilichopimwa na namba zake, kisha mwenye gari aamue kama atalikata bomba la mbele au ataliacha.