Mbwa Mlinzi Hahitaji Fimbo

Kuna imani moja imeota mizizi katika mitaa mipya ya Dodoma, kuanzia Nzuguni hadi Iyumbu: ukitaka mbwa awe mkali, mfunge mnyororo mchana kutwa, mpunje chakula, mchape kidogo, kisha umfungulie usiku akiwa na hasira za dunia nzima. Wengine humtilia pilipili kwenye ugali. Tangu serikali ihamie huku, nyumba zimechipuka kila kona, kila nyumba na ukuta wake, kila ukuta na mbwa wake, na imani hiyo nayo imehama pamoja na masofa. Mimi nasema ni imani potofu, tena ya hasara. Inatupa mbwa wasiojua kulinda, wenye hatari kwa watoto wetu, wanaoishi maisha ambayo hata mwizi mwenyewe asingeyataka.

Tuanze na ulinzi, maana ndiyo hoja inayoletwa kila mara. Mlinzi ni anayejua kutofautisha. Mbwa aliyefungwa tangu alfajiri anajifunzia wapi kwamba yule ni muuza mkaa wa kila siku na huyu ni mtu asiyefahamika? Kwake kila kinachosogea ni cha kubwekewa. Atabwekea bodaboda, atabwekea mbuzi wa jirani, atabwekea upepo wetu huu unaotikisa mabati usiku kucha, mpaka wenye nyumba wanazoea na hawaamki tena. Halafu kuna njaa. Mwizi akirusha kipande cha nyama juu ya ukuta, atakayekuwa wa kwanza kukidaka ni yule aliyeshinda na njaa, na kila anayefuga mbwa mjini anajua nyama za namna hiyo huwa na nini ndani.

Nenda Bahi au Mvumi ukawatazame mbwa wanaotembea na ng'ombe. Mnyororo hawaujui. Asubuhi wanatoka na mifugo, jioni wanarudi nayo, usiku wanalala kando ya zizi, na fisi akisogea utawasikia. Sisemi wanadekezwa, wengine mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Lakini kazi yao wameijua kwa kuifanya pamoja na watu wao.

Mfano mzuri kuliko wote, hata hivyo, uko njiani ukielekea Dar es Salaam. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na sampuli za kifua kikuu. Panya! Mnyama ambaye wengi wetu tukimwona tunatafuta ufagio. Pale hachapwi. Anaanza kwa kuzoeshwa mlio mfupi wa kitufe, na kila ukilia anapata kitu cha kula, ndizi kwa mfano. Akishashika kwamba mlio maana yake ni mlo, analetewa harufu. Akiitambua iliyo sahihi, mlio, chakula. Akikosea, hapati kitu, anajaribu tena. Mafunzo huchukua takribani miezi tisa. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapahapa Tanzania, alipelekwa Kambodia kutafuta mabomu, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Basi mtu anieleze: kama panya anakabidhiwa uhai wa wakulima kwa malipo ya ndizi, mbwa aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka anahitaji mkanda wa shingo wa kupiga shoti kwa lipi?

Wazee walishasema mkono mtupu haulambwi. Sijui kwa nini tunaikumbuka methali hiyo kazini na kwenye harusi, tukifika kwa mbwa tunaisahau.

Nyumbani kitufe si lazima. Neno fupi linatosha, "safi" kwa mfano, mradi liwe lilelile kwa kila mtu wa nyumba hiyo. Zawadi ninayoipendekeza ni dagaa: bei yake inavumilika, harufu yake mbwa haikatai, na dagaa mmoja unamkata mara tatu. Mbwa akikaa chini, sema "safi" pale pale makalio yanapogusa ardhi, ndipo umpe. Ukichelewa akawa ameshasimama, umemlipa kwa kusimama. Wengi hukwama hapa, kisha wanatangaza kwamba mbwa wao ni mjinga, kumbe mwenye polepole ni mwalimu. Kwa mbwa anayechomoka geti likifunguliwa, dawa ni geti lenyewe. Lifungue kidogo, akirukia, lifunge bila neno. Akitulia, lifungue zaidi na dagaa juu. Ataelewa kwamba kutulia ndiko kunakofungua geti.

Na tusidanganyane kuhusu nani hasa mwenye mbwa. Baba amenunua, lakini anayemlisha, kumwekea maji na kufagia banda lake ni dada wa kazi au kijana wa shamba. Huyo ndiye mwalimu. Baba akienda kozi na mwalimu huyo akabaki na fimbo, hakuna kilichofanyika. Mfundisheni yeye kwanza, na kwa heshima. Watoto nao waambiwe mapema: mmoja akikataza mbwa kurukia watu na mwingine akishangilia, mbwa atamfuata anayeshangilia.

Utakutana na mtaalamu wa kijiweni atakayekuambia mbwa lazima ajue bosi ni nani, kwa sababu mbwa mwitu, wale wa Ulaya na Amerika, wanaishi kwa kupigania ukubwa. Wazo hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na mbwa mwitu waliochunguzwa wakiwa wamefungiwa pamoja, kama wale wa bustani ya wanyama ya Basel walioelezwa na Rudolph Schenkel mwaka 1947. Porini kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Mwanasayansi wa Marekani, David Mech, aliyewahi kulieneza wazo lile, amelisahihisha mwenyewe hadharani. Tuendelee.

Fimbo ina gharama isiyoonekana haraka. Utafiti uliofanyika Ureno na kuchapishwa mwaka 2020 ulifuatilia mbwa 92, baadhi wakifundishwa kwa zawadi, wengine kwa kuvutwa shingo na kukaripiwa. Wa kundi la pili walionyesha msongo zaidi mafunzoni: kupiga miayo, kulamba midomo, kuhema. Kisha mbwa walizoeshwa kwamba bakuli upande mmoja wa chumba lina soseji na upande wa pili ni tupu. Bakuli likawekwa katikati. Waliozoea adhabu nyingi walilisogelea polepole zaidi kuliko wenzao, kana kwamba hawatarajii jema. Zikumbuke dalili hizo za miayo na midomo, maana sisi huzisoma kama uvivu. Na mbwa akinguruma mtoto anapomkaribia, usimchape kwa kunguruma. Hilo ni onyo, na bora analitoa. Ukimfundisha kwamba kunguruma kunaleta kipigo, ataacha kunguruma, na siku nyingine ataanza na meno.

Meno yananipeleka kwenye kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona. Hadi 99% ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na wataalamu wanasema mbwa 70% wakichanjwa mahali, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Sasa tazama foleni ya chanjo: mbwa wanaburutwa na waya, wawili wamepigana, mmoja amekata kamba. Mbwa wengine hawaletwi kabisa kwa sababu hata mwenyewe hawezi kuwashika. Mbwa anayeshikika ni mbwa anayechanjika. Gusa sikio, dagaa. Inua mguu, dagaa. Fungua mdomo, dagaa. Ifanye kidogo kidogo jioni, na daktari wa mifugo atakushukuru. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali, hata kama mbwa ni wa jirani na jirani anaapa kwamba ni mzima.

Yaliyobaki ni ya kawaida, ila yanasahaulika. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, kwa hiyo banda la bati lisilo na mti mwezi wa Oktoba ni oveni. Mpe kivuli na maji yasiyokauka. Hata jirani yangu Mwislamu anayejihadhari na mate ya mbwa humwekea wangu maji nje ya geti, na anakijua vizuri kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mtembeze jua likishazama na umwache anuse njia anavyotaka. Kunusa kwake ni kusoma gazeti. Na sisi wa Dodoma tuna hatari ya kwetu: zabibu. Zinaweza kuharibu figo za mbwa, mbichi au kavu, na hakuna kiasi unachoweza kusema ni salama. Msimu wa mavuno usimrushie hata moja.

Sheria tunayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na inakataza ukatili. Lakini sitarajii askari aje kukagua urefu wa mnyororo mtaani Kisasa.

Ninachotarajia ni kidogo zaidi. Kabla hujamlipa mtu akufundishie mbwa, mwombe amfundishe "kaa" mbele yako, mara moja tu. Akiingiza mkono mfukoni akatoa chakula, kaeni muongee bei. Akianza kwa kutafuta fimbo, mshukuru kwa muda wake, funga geti, na hela hiyo kanunulie dagaa.