Msuli ulivyonivua ufalme Jaipur

Wale ambao klipu yangu ya Jaipur imeshawafikia kwenye magrupu naomba mnisikilize na mimi, maana aliyeirusha ni mtu wa Simba na anasimulia kishabiki. Ngazi hajazitaja. Bibi hajamtaja. Kaandika tu "mfalme wa Jangwani kavuliwa taji" na vikatuni nane vya kulia kwa kicheko, nimevihesabu.

Ilikuwa juzi Jumamosi, tumetoka Delhi alfajiri na basi, zaidi ya kilomita 250, mimi na huyo msaliti, tunaenda kushangaa Jaipur. Si mnaujua, mji wa wafalme wa Rajasthan huku India, ule waliupaka pinki mwaka 1876 kumpokea mtoto wa malkia wa Uingereza. Nikajisemea haiwezekani niingie ngome ya wafalme na jinzi, nikapita Bapu Bazar nikavuta kilemba chekundu na dhoti. Dhoti ni shuka jeupe, mita nne na ushee, unalizungusha kiunoni afu ncha moja unaipitisha katikati ya miguu unaichomeka kwa nyuma. Muuzaji akataka anifunge yeye, tena aniwekee pini. Pini! Mimi mtoto wa Tanga, nimelala na msuli, nimecheza chandimu na msuli, nimekimbizwa na mbwa Chumbageni na msuli haukushuka, leo nipigwe pini kama nepi? Nikamwambia no bhaiya, yani hapana kaka, nikajifunga mwenyewe, mikunjo miwili, nikatoka.

Ndani nina bukta ya Yanga. Ndo iliyokuwa safi, msinihukumu.

Ngome yenyewe inaitwa Amer, iko juu ya kilima kama kilomita 11 toka mjini, alianza kuijenga Raja Man Singh mwaka 1592 na nadhani hakuwa na magoti, maana ni ngazi juu ya ngazi. Na kila nikipumua kidogo, "bhaiya, selfi!" Wanakuja wanafunzi, wanakuja maharusi, mi nikajua uzuri umenizidi. Yule msaliti kazi yake kupiga kelele "nyanyua mkono kifalme!" na mi nanyanyua. Kumbe kila mkono ukipanda kitu kingine huku chini kinashuka, ila mfalme haangalii chini.

Tukafika Sheesh Mahal, jumba la vioo. Kuta na dari vimejaa vipande vidogo vidogo vya vioo, vingine vimebinuka kama mgongo wa kijiko, wanaotembeza wageni wanasema usiku mshumaa mmoja tu ulitosha kujaza nyota dari nzima. Nimesimama hapo kwenye varanda, mkono juu, familia nzima imenizunguka toka bibi mpaka kachanga, tunasubiri simu ifokasi. Nikaona kwenye vioo kitu cha kijani na njano kinametameta. Nikasema moyoni hawa mafundi walikuwa hatari, yani wameweka mpaka rangi. Nikasogea kushoto nione vizuri, na rangi ikasogea. Nikarudi kulia, ikarudi. Nikainamisha kichwa, na kule juu mamia ya vijitu vyenye vilemba vyekundu vikainamisha vichwa, kila kimoja na kibukta chake kama punje ya mchele.

Ndo nikasikia kaubaridi mapajani.

Wananchi, shuka lilishaniaga zamani. Limekaa miguuni limetulia kama paka, na ile ncha ya nyuma bado imechomekwa kwenye lastiki ya bukta kwa hiyo hapo nilipo nina mkia. Kimya. Afu yule bibi, taratibu kabisa, "arre baap re." Yani, mamaa wee. Nikainama kuokota, kilemba kikadondoka kikabiringika mpaka kwa mlinzi, mlinzi akapuliza filimbi, nikataka kukimbia na bibi kaukanyaga mkia.

Yaliyofuata sina haja ya kuyarefusha. Mama mmoja wa ile familia alichomoa pini mbili kwenye sari yake, akanigeuza kama mtoto wa chekechea, akanibana, akanipiga kofi dogo la bega, "jao, beta." Nenda mwanangu. Nikaenda. Lile jumba la Hawa Mahal na madirisha yake 953 nililipita ndani ya tuktuk nimejifunika kilemba usoni, na wanasema mwaka 1799 lilijengwa hivyo ili wanawake wa kifalme waangalie barabara bila wao kuonekana, nikasema huku ndo kwangu, ningeanzia huku.

Jana usiku mjomba kapiga toka Tanga. Hakuuliza masomo, hakuuliza afya. Kauliza ulikunja mara ngapi.

Nikasema mbili.

Akakata simu.