Jua la Kaskazi Nalo Lilikimbia

Kaa kwenye baraza lolote la kahawa hapa Mombasa, uliza ni mwanamichezo gani wetu anayestahili kufanyiwa filamu. Jina la kwanza litakuwa Kipchoge Keino. Ni haki yake. Mexico 1968, maumivu ya nyongo, kisha dhahabu ya mita 1,500 mbele ya Jim Ryun wa Marekani. Ila hadithi iliyonyooka hivyo, filamu itaiongezea nini? Watazamaji wataingia wakijua watatoka wakishangilia.

Mimi ningeanzia Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa. Tarehe 24 Machi 2007, kwenye uwanja wa gofu unaotazama bahari, yalifanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio fupi na ndefu miaka mitano mfululizo. Wakenya walikuwa nyumbani, na mcheza kwao hutunzwa. Kwao, lakini? Wengi wao ni watu wa Bonde la Ufa, waliozoea baridi ya milimani. Sisi tunaijua Machi yetu: kaskazi inaishia, masika hayajafika, shati linakuganda mgongoni kabla ya saa nne.

Joto lile halikuchagua kabila wala bendera. Wakimbiaji walianguka, wengine hawakumaliza, na katika mzunguko wa mwisho Bekele mwenyewe akaacha mbio. Aliyeshinda ni Zersenay Tadese wa Eritrea, aliyeanzia michezo kwenye baiskeli, na ambaye shaba yake ya Athens 2004 ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Nchi hiyo na Ethiopia zilikuwa zimepigana vita kati ya 1998 na 2000. Moses Mosop wetu akawa wa pili. Mwandishi wa filamu angeyabuni haya yote, angeambiwa amezidisha chumvi.

Tatizo ni umati. Bekele alipotoka, watu walishangilia. Hatukumshangilia aliyeshinda tu, tulifurahia kuanguka kwa bingwa. Mtayarishaji anayetafuta faida atalifuta hilo, kisha atuletee kijana muuza madafu wa Likoni anayempa Mkenya moyo wa kushinda. Na shujaa mwenyewe ni Mweritrea. Nani Nairobi atatoa pesa zake kwa ajili hiyo?

Wapo wanaosema basi tuache, picha halisi za siku ile zinatosha. Hoja yao siidharau, na inapata nguvu zaidi ukimtaja Samuel Wanjiru. Mwaka 2008 huko Beijing, akiwa na miaka 21, aliipa Kenya dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2:06:32. Mei 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu. Alikuwa na miaka 24. Watu walibishana sana alianguka vipi. Mwandishi wa gazeti anaweza kuandika kwamba watu wanabishana, akaishia hapo. Kamera haiwezi: lazima imwonyeshe mtu akianguka, na lazima ichague sababu, huku jamaa zake wako hai wanatazama. Kwa hiyo nakubali, ya Wanjiru isubiri.

Lakini kunyamaza nako kuna gharama, na sisi wa Pwani tumeilipa. Feisal, timu ya mpira ya hapa Mombasa, ilikuwa bingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965. Vijana wanaojazana vibandani kutazama mpira wa Uingereza wangapi wanalijua hilo? Wazee walioiona ile timu wanapungua, na kila anayeondoka huondoka na mechi zake. Hapo ile hoja ya kwamba picha halisi zinatosha hainisaidii kitu.

Ndiyo maana naichagua 2007. Waliokuwepo bado wako, wakimbiaji wanaweza kuulizwa, mibuyu ya Mama Ngina haijaenda popote. Ningeweka kamera migongoni mwa mashabiki, jua likiwaka, sauti ikipanda, na mtazamaji asijue tunachoshangilia mpaka amwone Bekele akiacha njia. Mtayarishaji akitaka sehemu hiyo ikatwe, pesa zake na azipeleke kwa Keino.