Umeme wa kujitengenezea Mtwara: jua sawa, upepo je?

Kuanzia mwezi wa sita, upepo wa Kusi unapokaza, hapa Mikindani hazipiti jioni mbili bila kumsikia mtu akisema tunaacha umeme ujipitie bure. Aliyenichokoza mimi ni mzee mmoja jirani yangu, mvuvi aliyekwisha kuaga bahari. Amesikia habari za William Kamkwamba, kijana wa Kasungu nchini Malawi, ambaye akiwa na miaka 14 aliunda mtambo wa upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, akawasha taa nyumbani kwao. "Mwanangu," mzee akaniambia, "Kusi hii imepeleka majahazi Uarabuni na Bara Hindi. Itashindwaje kuwasha taa nne?"

Ni swali la haki, na sikutaka kulijibu juu juu. Nimekaa nalo muda mrefu, nikipima na kuuliza mafundi. Ninachokiamini sasa ni kwamba jua linafaa, ila si kwa kila nyumba kama wauzaji wanavyosema. Upepo, kwa nyumba nyingi za pwani yetu, haufai, na sababu yake si ile watu wanayoifikiria.

Huku Kusini jambo hili lina uzito kuliko wati na bei. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2013 mji wa Mtwara uliingia katika vurugu za "gesi haitoki", za kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha. Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, bomba la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam likazinduliwa. Mtu aliyeyaona hayo, ukimwambia anaweza kuwa na umeme unaozaliwa juu ya bati lake mwenyewe, anasikia neno jingine kabisa. Naiheshimu hamu hiyo, na mimi ninayo. Ndiyo maana nataka hesabu iwe safi, kwa sababu anayeumia hesabu ikikosewa ni yuleyule mwenye hamu.

Tuchukue nyumba ya kawaida: taa tano za wati 7 zinazowaka kwa saa tano, televisheni ndogo ya wati 50 kwa saa tano, feni ya wati 50 usiku kwa muda wa saa nane, na simu tatu za kuchaji. Jumla haifiki wati-saa 900 kwa siku, yaani yuniti 26 hivi kwa mwezi (yuniti moja ni wati-saa 1,000). Mwenye mita ya Luku, ile ya kulipia kabla, aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa yuniti, na pamoja na kodi na tozo inafika 122. Nyumba hii basi inatumia kama shilingi 3,200 kwa mwezi. Sasa tuseme mfumo wa sola wa kuihudumia, yaani paneli, betri, kontrola ya kulinda betri lisichajiwe kupita kiasi, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, na waya, umekugharimu milioni moja. Gawanya. Utahitaji miaka 26 kurudisha fedha yako, na betri itakuwa imeshakufa zaidi ya mara moja.

Hapo ndipo matangazo mengi ya sola hunyamaza. Kwa mwenye nguzo mlangoni na matumizi madogo, sola haiwezi kushindana kwa bei, na anayesema inaweza hajakaa na kalamu. Mwenye duka la vinywaji baridi au saluni, anayelipa shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi, ana hesabu nyingine, na kwake paneli zinaanza kuongea. Vivyo hivyo anayeuza samaki waliogandishwa. Huyu haogopi bei ya yuniti. Anaogopa umeme ukikatika saa kumi na mbili mfululizo, friza ikayeyuka na mtaji wa wiki ukaingia kwenye ndoo ya taka. Kwa mtu kama yeye, mfumo wa sola ni bima, na bima haipimwi kwa hesabu ya miaka 26.

Kisha kuna asiye na nguzo kabisa. Wakala wa Nishati Vijijini umefikisha umeme vijiji vingi, na kuunganishwa kijijini kumekuwa kukilipiwa shilingi 27,000 tu. Lakini kijiji kupata umeme na nyumba kupata umeme ni mambo mawili. Laini inapita barabarani, na mwenye shamba la mikorosho aliyejenga kilomita mbili ndani anaiona kwa macho tu. Huyo ndiye ambaye ningemwambia leo, bila kusita, anunue paneli. Na kalenda ya fedha yake inaruhusu. Mkulima wa Tandahimba, Newala au Ruangwa hapati mshahara wa mwezi. Korosho zinapigwa mnada kuanzia Oktoba, malipo yanaingia kwa mkupuo, na baada ya hapo ni ukame wa mfuko hadi msimu mwingine. Umeme wa Luku unataka shilingi elfu mbili leo na elfu mbili wiki ijayo. Sola inataka fedha nyingi mara moja, kisha inanyamaza mwaka mzima. Kwa nyumba inayoishi kwa korosho, sifa hiyo inazidi bei.

Kuhusu jua lenyewe sitakaa sana, maana hatuna shida nalo. Mwanga wa siku ukiukusanya unakuwa kama saa tano za jua la utosini, kwa hiyo paneli ya wati 300, ukitoa upotevu wote, inatosha nyumba niliyoitaja. Tuko nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, hivyo paneli ielekee kaskazini, imelala kwa nyuzi 10 hadi 15, mvua iweze kuiosha. Kati ya wiki ya tatu ya Oktoba na wiki ya tatu ya Februari jua la saa sita hupita kidogo upande wa kusini, lakini hasara yake ni ndogo, na mwezi wa sita na wa saba faida inarudi. Kosa ninaloliona kila mtaa ni paneli iliyolazwa chapa juu ya bati. Paneli ikichemka inapungukiwa nguvu, karibu sehemu 4 kwa kila 1,000 kwa nyuzijoto moja inayozidi 25. Ikifika nyuzi 60 umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Acha nafasi ya kiganja kimoja upepo upite chini yake. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ningeipa Kusi.

Sasa nirudi kwa mzee. Nguvu iliyo ndani ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake. Inapanda kwa kasi hiyo kuzidishwa yenyewe mara tatu. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nane. Ukipungua nusu, unabakiwa na sehemu moja ya nane. Mtambo ambao mapanga yake yanazunguka duara la upana wa mita 2, kwenye upepo wa mita 4 kwa sekunde, ule unaotikisa majani na vitawi bila kukoma, unapitiwa na wati 120 hivi. Albert Betz, Mjerumani, alionyesha miaka 100 iliyopita kwamba hata mtambo usio na kasoro hauwezi kuchota zaidi ya asilimia 59 ya nguvu hiyo. Mtambo wa kuunda nyumbani ukipata robo umejitahidi. Robo ya 120 ni wati 30. Paneli ya wati 50 juani inaupita, nayo haina kitu kinachozunguka.

"Mbona jahazi linakwenda?" Linakwenda kwa sababu tanga lina mita za mraba kadha wa kadha, na liko baharini pasipo na kizuizi. Mapanga ya mita 2 yanafagia mita 3 za mraba tu, na nyumbani kwetu kuna minazi. Mafundi wa upepo wana kanuni kwamba mapanga yawe juu ya kila kitu kilicho karibu kwa mita 9 au zaidi, maana upepo uliopita kwenye miti unafika umevurugika. Mnazi mkubwa unafika mita 20. Mlingoti wako basi ni mita 30, na nyaya za kuushika pande zote. Hapo mlingoti umeushinda mtambo kwa gharama, na kila ukiharibika kitu mtu apande au mlingoti ulazwe chini. Ongeza chumvi ya bahari inayokula sumaku, boli na beringi. Ongeza vimbunga: Lindi ilipigwa mwaka 1952, Kenneth ilitukosa kidogo Aprili 2019 ikatua Cabo Delgado, Msumbiji, na Hidaya mwezi Mei 2024 ilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Kilwa.

Lakini hata hayo yote yakitatuliwa, kuna jambo linalonishinda. Watu wanautaka upepo ili uzibe pengo la jua. Ulaya ya kaskazini unaliziba kweli, kwa sababu huko upepo hukaza majira ya baridi wakati jua limefifia. Kwetu Kusi inakaza kati ya Juni na Septemba, miezi ya kiangazi, mbingu zikiwa wazi. Upepo wa baharini unaamka mchana jua likiwa juu, na usiku unalala. Siku mbaya za sola ni za mawingu ya Januari hadi Machi, wakati wa upepo wa Kaskazi, nao hauna nguvu za Kusi. Kwa hiyo upepo wetu unafika karamuni jua limeshapakua chakula. Fedha ya mtambo, ukiiweka kwenye paneli ya pili na betri bora, inaziba pengo lile vizuri zaidi.

Sisemi upepo ufungiwe mlango. Ukisimama Newala mjini, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, ukitazama bonde la Ruvuma chini, unaelewa kwa ngozi yako kwamba pale ni mahali pengine. Msimbati na ncha za rasi nazo si sawa na uani kwangu. Na Kamkwamba hakukosea: kijana asiye na fedha ya paneli, mwenye jaa la vyuma karibu, alipata mwanga na ujuzi kwa mkono wake. Kama chuo cha ufundi hapa kitawafundisha vijana kusuka koili na kuchonga mapanga, nitakuwa wa kwanza kwenda kutazama. Tuna wachongaji Wamakonde wanaoweza kuyasawazisha mapanga kwa jicho.

Kwa uwanda huo huo, hata hivyo, shida kubwa si taa. Ni maji. Makonde hapashiki maji. Mvua inazama kwenye mchanga, na chemchemi na visima viko chini mabondeni, kama Mitema kule Kitangari, ambako maji husukumwa kupanda juu. Hapa sola ina faida ambayo haisemwi vya kutosha: pampu haihitaji betri. Inasukuma jua likiwaka, inajaza tenki, na usiku maji yanashuka yenyewe. Betri ndiyo sehemu ghali na inayokufa mapema kuliko zote kwenye mfumo. Tenki la plastiki linachukua nafasi yake na halijali umechota kiasi gani.

Na betri za nyumbani ndizo zinazotutoa machozi. Mimi mwenyewe niliuziwa betri la gari kwamba "ni lilelile tu". Halikuwa lilelile. Betri la gari limeundwa kutoa moto mkali kwa sekunde chache, si kuteremshwa kila usiku, na langu halikumaliza mwaka. Betri la risasi la sola la volti 12 na ampea-saa 100 linabeba wati-saa 1,200, lakini likizoea kushushwa chini ya nusu linazeeka upesi, kwa hiyo lako kweli ni 600. La lithiamu linakubali kuchotwa asilimia 80 au zaidi na linaishi miaka mingi. Ni ghali dukani, rahisi kadiri miaka inavyokwenda.

Neno "kujijengea" nalo lina mipaka. Fremu, kuelekeza paneli, kuosha vumbi, kupima volti, hayo mtu mwenye akili ya kazi anayaweza na anapaswa kuyajua, la sivyo atamwita fundi kwa kila fyuzi. Ila inveta ya wati 600 kwenye volti 12 inavuta ampea 50, na waya mwembamba wa taa ukibebeshwa hizo unageuka jiko, chini ya makuti. Weka waya mnene na mfupi, na fyuzi jirani na betri. Na asiye fundi aliyesajiliwa asiunganishe inveta kwenye waya za nyumba yenye Luku bila swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa nguzo na wa inveta. Umeme wako ukirudi nguzoni wakati laini imezimwa, unamkuta mtu juu ya ngazi akiamini waya ni mfu.

Mzee sikumkatisha tamaa. Tulikubaliana afunge kitambaa kwenye ufito mrefu juu ya paa na aandike daftarini, asubuhi, mchana na saa mbili usiku, kitambaa kinaruka au kimelala. Paneli moja ya wati 100 tumeshaifunga, inamuwashia taa na redio. Daftari lina wiki ya saba sasa, katikati ya Kusi, na safu ya saa mbili usiku karibu yote imeandikwa "kimelala".