Miduara ya kijani haithibitishi chochote

Inaudhi kuona kila ripoti ya mradi wa vihisi (vifaa vya kupimia vinavyosikiana kwa redio) inakuja na ramani ya miduara ya kijani iliyopandana vizuri, na chini yake maneno "eneo lote limefikiwa". Miduara yenyewe imechorwa kwa umbali ulioandikwa kwenye karatasi ya kifaa! Nenda nayo kwenye mashamba ya mwani ya Paje au Jambiani, Zanzibar. Bahari ikipwa, antena iko juu ya kigingi; bamvu (maji makuu) likijaa, imezama, na redio haipenyi maji ya chumvi.

Njia ya haki ipo. Wanahisabati Vin de Silva na Robert Ghrist waliichapisha mwaka 2006, na haihitaji hata jipiesi (GPS). Inatosha kujua kifaa gani kinasikiana na kipi. Viwili vikisikiana, chora mstari. Vitatu vikisikiana vyote, jaza pembetatu. Kama redio haivuki mita 60, kihisi kikifikia mita 35 (60 kugawa kwa kipeuo cha pili cha 3, ukikadiria kwa juu), kila pembetatu imefunikwa. Halafu hesabu matundu, yaani mapengo yasiyofunikwa: idadi ya mistari, toa ranki (idadi ya safu zisizotokana na nyingine) ya matriksi, yaani jedwali, ya nukta na mistari, toa ranki ya ile ya mistari na pembetatu.

Vifaa 4 kwenye pembe za mraba wa mita 50: ulalo ni mita 70.7, hausikiki. 4−3−0=1, tundu. Tia cha 5 katikati, mistari inakuwa 8 na pembetatu 4: 8−4−4=0.

Ndiyo, kipimo kina woga. Kihisi kikifikia mita 36, mraba ule umefunikwa bila hicho cha 5, na hesabu bado italia tundu. Woga huo hauna hasara kubwa.

Hatari iko kwenye kiungo kirefu. Kiungo kikikosekana, unaongeza kifaa tu. Kikivuka mita 60, hesabu inasema uongo. Pembetatu yenye pande za mita 90 itajazwa, na katikati yake hakuna kihisi kinachofika. Kwa hiyo punguza nguvu ya kurushia, ujaribu vifaa viwili viwili kwenye mchanga mtupu hadi visisikiane kabisa kupita mita 60. Kiungo cha upande mmoja kitupe. Vifaa vya pembezoni lazima vishikane kuwa uzio usiokatika, la sivyo hakuna dhamana.

Orodha ya majirani ichukuliwe mara mbili, bamvu likipwa na likijaa. Kifaa kilichozama kifutwe pamoja na mistari yake yote, hesabu ianze upya.