Dalali wa Viwanja Kigoma na Cheo cha Utaalamu

Hapa Kigoma, ukipita Mwanga, Gungu au barabara ya kushukia Kibirizi, huchelewi kukutana na tangazo la kiwanja. Kiwanja 20 kwa 20, maji na umeme vipo, hakina mgogoro, bei maelewano. Chini kuna namba ya simu, na siku hizi kando ya namba hiyo kuna cheo: mtaalamu wa ardhi, mshauri wa uwekezaji wa milki. Zamani aliyeifanya kazi hii aliitwa dalali, na hakuona haya. Mimi nauliza utaalamu huo umetoka wapi, na ukikosea ni nani anayeubeba mzigo.

Nianze na haki yake. Dalali wa Ujiji anajua mambo ambayo hayamo kwenye faili lolote la Manispaa. Anajua nyumba ipi ina ndugu wanaogombea mirathi, kisima kipi hukauka kiangazi kikikaza, korongo lipi hujaa mvua zikikolea likabomoa kuta, mwenye nyumba yupi hupandisha kodi kila akiona mpangaji amenunua kochi jipya. Mtumishi aliyepewa uhamisho, akashuka kituo cha reli na mabegi yake bila ndugu mjini, hana wa kumwendea zaidi ya huyu. Kodi ya mwezi mmoja anayomlipa si bure. Hata mthamini aliyesajiliwa, yaani mkadiriaji wa thamani ya ardhi na nyumba, akitafuta bei za soko za Katubuka au Bangwe, mara nyingi humpigia simu dalali. Huo ni ujuzi, na anayeudharau hajawahi kuhangaika kutafuta nyumba katika mji asioujua.

Lakini kuwajua watu na mitaa ni jambo moja, na kuijua mipaka, thamani na sheria ni jambo jingine. Wapima ardhi wana sheria ya kuwasajili tangu 1977. Wapangamiji walipata yao 2007, na wathamini wana bodi yao chini ya sheria ya 2016. Mthamini akiandika uongo, jina lake liko kwenye ripoti na bodi inaweza kumfuta. Dalali aliyekuonyesha bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, kwa kidole, akakuambia "mpaka unaishia pale kwenye mwembe", anaweza kubadili laini ya simu kesho, na wewe ukabaki na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Wengi wetu tunaamini muhuri ule umemaliza kazi. Kwa ardhi iliyosajiliwa haujamaliza: miliki inahamia kwako uhamisho unapoidhinishwa na kuandikishwa kwa Msajili wa Hati. Tena Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ni madalali wangapi huuliza habari ya mke kabla ya kupokea malipo ya awali?

Kwa hapa Kigoma hatari kubwa naiona sehemu mbili. Ya kwanza ni mwambao. Kiwanja cha kutazama ziwa kinauzika haraka, na sifa zake hazimpi dalali taabu. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la hifadhi, lisiloruhusiwa shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira yake. Nyumba ni shughuli ya kudumu. Tena ukingo wenyewe hautulii. Miaka ya karibuni tumeona Ziwa Tanganyika likipanda na kuzifuata nyumba Bujumbura, Uvira na upande wetu pia. Mita 60 zilizopimwa kwa hatua wakati maji yamerudi nyuma si mita 60 maji yakija juu. Mtu anayejiita mshauri wa uwekezaji asipolitaja hilo kabla ya kuulizwa, ama halijui ama analificha, na mnunuzi anaumia vilevile.

Ya pili ni reli. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa, SGR, cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na tangu hapo "SGR inapita jirani" imekuwa sababu ya kupandisha bei ya mashamba. Wengine huenda mbali zaidi, wakamshawishi mnunuzi achukue kipande njiani kabisa ili asubiri fidia. Fidia hufuata uthamini rasmi wa ardhi na kilichomo. Bei ambayo dalali alikuuzia haimfungi mthamini. Ushauri wa namna hii ni kamari ya pesa za mtu mwingine.

Nadhani kiini cha tatizo ni malipo. Dalali hapati kitu mpaka biashara ifungwe, na pengine juu ya malipo yake kuna cha juu: mwenye kiwanja anataka milioni 6, mnunuzi anaambiwa 8, tofauti inaishia katikati. Mtu wa namna hiyo, hata awe mkweli kiasi gani, ana sababu ya kukuharakisha kila siku ya Mungu. Mshauri wa kweli lazima aweze kukwambia "usinunue" na bado akala chakula chake jioni.

Upande wa pili una hoja nzito, nami siwezi kuiruka. Viwanja vilivyogawiwa watu wawili havikugawiwa na madalali. Viligawiwa na watu wenye vyeti, mihuri na ofisi. Mnunuzi aliyezungushwa kwa wiki nzima akitafuta jibu ofisini anamrudia dalali kwa sababu dalali anapokea simu. Cheti peke yake hakimfanyi mtu mwaminifu.

Hata hivyo, mwenye cheti akikosea kuna pa kumshtaki na kuna leseni ya kumnyang'anya. Dalali wa mnada ana sheria ya leseni, dalali wa mahakama ana kanuni zake, lakini wa nyumba na viwanja amefanya kazi miaka yote bila bodi ya kitaaluma. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, udalali wa milki ukiwemo. Amri hiyo ilieleza nani asiifanye kazi. Kwa anayeifanya, haikueleza ajue nini.

Shahada na ada kubwa sitaki, maana vitamwondoa kijana wa Ujiji anayeujua mji na kumwachia kazi mwenye ofisi ya vioo asiyejua korongo linapita wapi. Manispaa ya Kigoma/Ujiji ianze na daftari: jina, picha, namba ya NIDA, mtaa anaofanyia kazi, na stakabadhi kwa kila malipo. Neno mtaalamu lisiandikwe kwenye tangazo bila namba ya usajili wa taaluma inayotajwa. Na kwa viwanja vyenye hati, malipo ya dalali yagawanywe: sehemu siku ya mauziano, iliyobaki uhamisho ukishaandikishwa. Watasema uhamisho huchukua miezi na dalali ana watoto wa kulisha. Ni kweli, ndiyo maana nasema sehemu.